MPE MZEE WAKO MWANGA

Picha ya mzazi hubaki nyumbani hata siku mwenyewe hayupo. Ipigwe vizuri, ili wajukuu wayaone macho yake.

Usimpige picha juani saa sita mchana. Jua la utosini hutia kivuli machoni. Wala jua lisiwe nyuma yake. Kamera, hata ya simu, hufuata mwanga mkali wa nyuma, na uso hutoka giza.

Fanya hivi. Mketishe mlangoni, ndani kidogo, pasipofika jua. Atazame nje. Wewe simama nje, lakini usimzibie mwanga. Mtandikie kitambaa cheupe mapajani. Kitambaa hicho hurudisha mwanga chini ya kidevu.

Je, mzee wako yupo? Mpige picha wiki hii. Usingoje.