Adhabu Ifike Hadi Benchini

Mwaka 2015 TFF ilimfungia nahodha wa Mbeya City, Juma Nyosso, miaka miwili kwa kumdhalilisha John Bocco wa Azam uwanjani. Mwaka huo huo alikuwa amekwisha kufungiwa mechi nane kwa kosa kama hilo. Tukaridhika. Lakini nahodha hajichagui!

Huko Marekani, mwaka 2012, ligi ya NFL ilipobaini kwamba New Orleans Saints walikuwa na mfuko wa kuwatuza wachezaji walioumiza wapinzani, ilimsimamisha kocha mkuu, Sean Payton, msimu mzima. Kwetu kocha anayefoka “mvunje!” hubaki benchini, nasi watazamaji, hata hapa Sepuka, twapiga makofi na kuiita rafu hiyo ukomavu. Tunaidai TFF iwahoji pia makocha na viongozi wa klabu, kabla kijana mwingine hajavunjwa mguu.