Kelele za Risasi Si Ufundi

Mfanyabiashara anayebeba pesa kati ya Nambale, Busia na Malaba, magharibi mwa Kenya, akipata leseni ya bastola, huanza kupewa ushauri uleule: ufundi wa silaha ni kupiga risasi, na anayefyatua bastola tupu chumbani anacheza kitoto. Imani hii imeenea, hata miongoni mwa watu waliowahi kuvaa sare. Ni potofu, tena ya hatari.

Kosa kubwa la mwanafunzi wa shabaha haliko machoni, liko kidoleni. Akiungoja mlipuko, mkono hukaza ghafla na mtutu huinama kabla risasi haijatoka. Akiwa na risasi ndani, kishindo hulificha kosa hilo. Huona tundu kwenye shabaha limekwenda chini, akailaumu bastola. Ikiwa tupu, hana pa kujificha. Aweke sarafu juu ya mtutu, karibu na kilengeo cha mbele, kisha avute kifyatulio polepole. Ikianguka, ameuona ugonjwa wake mwenyewe. Ndiyo maana wapiga shabaha wa Olimpiki hufanya mazoezi mengi bila risasi.

Isitoshe, risasi kwetu si karanga za kununuliwa njiani. Cheti kinachotolewa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hutaja idadi ya risasi ambazo mwenyewe anaruhusiwa kuwa nazo. Uwanja wa shabaha wa Kirigiti uko Kiambu, na kutoka Nambale hiyo ni safari ya siku nzima. Anayengoja safari hiyo ndipo ajifunze, atabeba bastola mwaka mzima bila ujuzi wowote.

Wapo watakaonitajia shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 21, 2013, raia wenye leseni walipoingia pamoja na polisi kuokoa watu. Ushujaa ule ulikuwa wa kweli. Lakini wengi waliokota pale somo lisilofaa: kwamba ukishakuwa na chuma kiunoni umekuwa mwokozi. Katika umati wa watu wanaokimbia, kidole kisichofundishwa humpiga asiye na hatia.

Pingamizi lenye uzito ni moja: bastola iliyodaiwa kuwa tupu imeua watu wengi. Ni kweli. Hao waliuawa na mtu aliyedhani, na mazoezi ninayoyatetea hayaruhusu kudhani. Risasi zote zifungiwe chumba kingine. Magazini itoke kwanza, ndipo slaidi ivutwe. Anayegeuza mpangilio huo huingiza risasi nyingine chemba bila kujua. Chemba ikaguliwe kwa jicho, kisha kwa kidole. Mtutu uelekezwe mahali ambapo risasi ingekwama, na ukuta wa mabati au wa fito na udongo si mahali hapo. Watoto wasiwepo. Bastola ya .22 isifyatuliwe bila risasi bandia, maana pini yake inaweza kugonga ukingo wa chemba. Na ukishamaliza, umemaliza: ajali nyingi za aina hii hutokana na mtu aliyejaza risasi tena, kisha akataka kujaribu mara moja ya mwisho.

Desemba 2018 serikali iliwapa raia wenye silaha siku 90 wajitokeze kuhakikiwa upya. Kujua nani anamiliki nini ni jambo jema, lakini cheti halali hakimfundishi mtu kukitawala kidole chake. Bodi ya Leseni za Silaha ingepaswa kuweka sharti rahisi kila leseni inapohuishwa: mwenye bastola asimame mbele ya mkufunzi, aitoe risasi kwa mpangilio ulio sawa, aonyeshe chemba, kisha afyatue bastola tupu mara kumi bila mtutu kuyumba. Asiyeweza hayo bila risasi, asikabidhiwe risasi.