CHUPA IRUDI ILIKOTOKA



Kila wageni wanapofika ufuko wa Bagamoyo na kuziona chupa za plastiki zimelala baina ya mitumbwi, hukumu hutolewa papo hapo: watu wa Pwani ni wachafu, waelimishwe. Tunaletewa semina. Tunagawiwa fulana na glavu, tunapigwa picha tukiokota, na juma linalofuata bahari imerudisha nyingine. Hukumu hiyo tunaikataa. Si kwamba hatuna makosa, maana tunayo. Bali inamhukumu mtu wa mwisho kuishika chupa na kumwachia huru aliyeitengeneza.

Kumbukeni jinsi soda ilivyouzwa, na katika maduka kadhaa bado inauzwa hivyo. Kreti ya chupa 24 za kioo ilifika kwa lori. Mwenye duka hakupewa iliyojaa mpaka atoe tupu, au alipie chupa. Naye hakumruhusu mtoto kuondoka na chupa pasipo kuacha nyingine au kuweka fedha. Lori lililoleta mzigo kutoka Dar es Salaam, mwendo wa kilometa 70 hivi, lilirudi na tupu. Kiwandani chupa ilioshwa na kujazwa tena, na chupa moja iliweza kufanya safari hiyo mara 20 na zaidi. Hata ikivunjika, vipande vyake huweza kuyeyushwa na kuwa chupa mpya, kazi ambayo kiwanda cha Kioo cha Dar es Salaam kinaifanya. Je, ni nani kati yenu aliyewahi kuona ufuko umefunikwa na chupa za kioo za soda? Watu wa wakati ule walikuwa na elimu ya mazingira kutuzidi sisi? La hasha! Chupa ilikuwa na thamani, tena ilikuwa na njia ya kurudi.

Njia hiyo haikufa yenyewe. Ilivunjwa na hesabu. Chupa ya plastiki ni nyepesi, haivunjiki, haidai kuoshwa. Gari linashusha mzigo na kwenda zake. Gharama ya kukusanya na kurudisha ikafutwa katika vitabu vya kampuni, lakini haikufutika duniani. Imemwangukia mvuvi anayechambua plastiki katika nyavu zake kabla hajachambua samaki, na akina mama wanaolima mwani Mlingotini. Faida imebaki mjini, mabaki yameletwa kwetu. Nayo yanaletwa kweli kweli, kwa kuwa mkondo wa bahari hapa huelekea kaskazini, na upepo wa kusi huuongezea nguvu. Kinachomwagwa baharini na Mto Msimbazi wakati wa masika hakina sababu ya kubaki Dar es Salaam.

Tutaambiwa kwamba chupa hizo siku hizi zinaokotwa na kuuzwa. Ni kweli, na waokotaji tunawaheshimu kuliko wanavyoheshimiwa na wengi. Lakini tazameni malipo yao. Hulipwa kwa kilo, na kilo moja yahitaji chupa ndogo 50 na zaidi. Anayewalipa si mwenye kiwanda cha vinywaji, bali mchuuzi wa taka, naye hukata nauli ya kupeleka mzigo mjini. Kadiri mwokotaji anavyokuwa mbali na mnunuzi, ndivyo nauli inavyokula bei, hata mwisho hakuna atakayeinama kuokota. Mama huyu anayetembea juani na gunia anafanya kazi ya lile lori, bila mshahara wa dereva wala utingo. Tusiliite jambo hili ajira kwa maskini kabla hatujauliza ni nani aliyepunguziwa gharama.

Hatusemi kwamba plastiki yote ni uovu. Kipindupindu kinapoingia, maji salama ya chupa ni msaada, na kioo ni kizito, kinakula mafuta ya gari katika safari ndefu. Basi kampuni isiyotaka kioo iweke fedha ya dhamana juu ya plastiki yake. Ujerumani ilianza kufanya hivyo kwa vyombo vya kutupwa mwaka 2003, senti 25 za yuro kwa chupa, na leo zaidi ya chupa tisa katika kila kumi hurudi. Wajerumani hawakuzaliwa wasafi. Wanafuata fedha yao, kama mtoto wa Magomeni alivyoifuata ya chupa ya soda.

Wala isisemwe kwamba Serikali haiwezi. Pombe za viroba zilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, na mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na wafanyabiashara walizoea. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitambua kanuni kwamba anayechafua ndiye alipe. Kenya, kwa sheria yake ya taka ya mwaka 2022, imemtwika mtengenezaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kutumiwa. Sisi tunangoja nini? Mafundi wa Lamu waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Tuliwapongeza, nao walistahili. Lakini hakuna fundi atakayeunda majahazi kwa kasi ya viwanda vya chupa.

Nasi tujisahihishe. Sherehe za kipaimara na harusi zetu huacha nyuma yake uwanja uliojaa chupa za maji, na jioni vijana wa jumuiya huzichoma moto nyuma ya ukumbi. Halmashauri za Walei ziagize soda za chupa za kioo, na maji yaliyochemshwa yawekwe katika madumu yenye koki, vikombe vioshwe. Kreti zihesabiwe zinapoingia na zinapotoka. Msambazaji akikataa kuchukua tupu, au akisema kioo hakiletwi tena huku kwetu, siku na sababu aliyoitoa viandikwe, na taarifa ya kila jumuiya iifikie Tume kabla ya kikao chetu na wawakilishi wa Halmashauri ya Wilaya.