Jani la Mkonge Darasani

Mwanafunzi wa shule zetu, akiulizwa jani huvutaje hewa, aghalabu hujibu kwa ufasaha yale aliyoyahifadhi kitabuni: kwamba upande wa chini wa jani una vitundu visivyoonekana kwa macho matupu, viitwavyo stomata, kwamba kila kimoja hulindwa na seli mbili ambazo zikijaa maji hukifungua na zikinywea hukifunga, na kwamba kazi hiyo hufanyika mchana, hewa ya kaboni ikiingia na oksijeni ikitoka. Jawabu hilo ni sahihi kwa mwembe na mnazi, walakini kwa mkonge, ulioletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, halisimami. Nami naona ni dhulumu mtoto wa Korogwe au Muheza kuyapita mashamba ya mkonge kila siku hali somo lake linaukana mmea ulio mbele ya macho yake.

Mkonge hufunga vitundu vyake mchana ukavifungua usiku, na sababu ni maji. Hewa ya kaboni ni adimu mno, haifiki hata sehemu 5 katika kila sehemu 10,000 za hewa, na pale inapoingilia ndipo maji yanapotokea kuwa mvuke. Hivyo mimea iliyo mingi hupoteza mamia ya ratili za maji kwa kila ratili moja ya hewa hiyo, na ukame ukishitadi haina hila ila kufunga vitundu na kushinda na njaa. Mkonge umejaaliwa tadbiri nyingine: usiku wa baridi huvuta hewa ya kaboni ukaihifadhi majanini kwa hali ya asidi, na kukipambazuka hufunga, ukaitumia akiba hiyo kwa nuru ya jua. Nanasi nalo lina tabia iyo hiyo.

Wala pasisemwe kwamba elimu hii yataka maabara ya fahari. Mwaka 1813 mtaalamu wa mimea Benjamin Heyne, aliyefanya kazi India, aliandika kwamba majani ya mmea mmoja wenye asili ya Bukini huwa machachu alfajiri, hayana ladha adhuhuri, na jioni huwa machungu. Naye alitumia ulimi wake tu.

Basi mwalimu wa Tanga na apewe nafasi, katika silabasi na katika mtihani, ya kulianzia somo hili kwenye mkonge. Na bwana shamba, kabla hajamshauri mkulima wa nyika apande nini, aulize jani la mmea huo hufungua vitundu wakati gani, na kwa hasara ya maji kiasi gani.