Mwimbaji si Sanamu

Hotuba hubisha hodi ikangoja kukaribishwa. Kichekesho huingia ndani mwenye nyumba angali akicheka. Kwa sababu hiyo kichekesho chastahili kupimwa kwa mizani kali kuliko hotuba, maana neno lililoingia kwa kicheko halitoki upesi.

Nataka kukipima hapa kichekesho kimoja cha mapenzi kutoka Korea Kusini, tamthilia iitwayo Lovely Runner, iliyoonyeshwa na kituo cha televisheni cha tvN kwa sehemu 16, tangu Aprili hata Mei mwaka 2024. Wanafunzi wangu waijua kuliko niijuavyo mimi, na mapenzi yao makubwa juu yake ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Kwa asiyeiona, kisa chake ni hiki. Im Sol ni msichana aliyepooza miguu kwa ajali. Siku moja, akiwa hospitali amekata tamaa ya kuishi, apigiwa simu katika kipindi cha redio na mwimbaji mchanga, Ryu Sun-jae, na maneno machache ya wema ya kijana huyo yamrudishia hamu ya maisha. Miaka yapita. Sun-jae awa nyota wa bendi iitwayo Eclipse, na Sol awa shabiki wake mwaminifu. Kisha usiku mmoja Sun-jae afa, na habari zaenea kuwa alichoka na maisha. Sol anayo saa ya mkononi iliyokuwa mali ya Sun-jae, aliyoinunua mnadani. Saa hiyo yamrudisha nyuma miaka 15, mpaka mwaka 2008, walipokuwa wote wawili wanafunzi wa shule, ajaribu kumwokoa.

Sina ugomvi na saa hiyo. Mtu anayekubali jini wa Alfu Lela Ulela kutoka chupani hana haki ya kuikataa saa irudishayo miaka. Wala simo katika kundi la wazee wasemao kwamba kila kitokacho Korea ni takataka ya kupoteza wakati wa vijana. Kim Hye-yoon na Byeon Woo-seok wamecheza nafasi zao kwa ustadi, na ni jambo jema kuona msichana akiwa mwokoaji badala ya kukaa akingoja kuokolewa. Ugomvi wangu ni juu ya jambo jingine, nalo ni zito.

Tamthilia hii yauliza swali kubwa: ni nini kimwuacho mwimbaji kijana ambaye dunia nzima yasema yampenda? Baada ya kuuliza, yajibu kwamba amwuaye ni mtu mwovu mmoja, dereva wa teksi, ambaye awaandama wapenzi hawa mwaka hata mwaka. Dereva huyo aondokapo duniani, mashaka yamekwisha, na njia ya harusi ni nyeupe. Jibu hilo lapendeza mno, kwa sababu halimgusi mwenye kampuni ya muziki, halimgusi mwandishi wa magazeti, wala halimgusi shabiki aliyeketi mbele ya televisheni. Wote waenda kulala na mikono safi. Lakini je, ndivyo mambo yalivyo huko Korea?

Waimbaji wa namna ya Sun-jae huitwa huko aidoli. Neno hilo limetoka katika Kiingereza, na maana yake ya asili ni sanamu iabudiwayo. Jina limekuwa hukumu. Sanamu haichoki, hailii, haipendi mtu mmoja kuliko mwingine, na kila aipigiaye magoti huiona kuwa yake. Mtu mwenye damu atawezaje kuishi hivyo?

Mwaka 2009 vijana watatu kati ya watano wa kundi la TVXQ walikwenda mahakamani mjini Seoul kupinga mkataba uliowafunga kwa miaka 13. Hebu piga hesabu: kijana atiaye sahihi mkataba wa namna hiyo akiwa na umri wa miaka 17 hutoka akiwa na miaka 30, ujana wote umekwisha mikononi mwa mwingine. Mwaka huohuo tume ya serikali isimamiayo haki katika biashara ilitoa mkataba wa mfano usiozidi miaka 7. Hapo palikuwa na dhuluma, na haikuletwa na dereva wa teksi.

Lakini wenye kampuni hawako peke yao. Mwezi Februari mwaka 2024 ilijulikana kwamba Karina, mwimbaji wa kundi la aespa, ana uhusiano wa mapenzi na mwigizaji mmoja. Mashabiki waliokasirika walipeleka lori lenye maandishi ya taa mbele ya ofisi za kampuni yake, wakimdai aombe radhi. Mwezi Machi binti huyo aliandika barua kwa mkono wake mwenyewe akaomba radhi. Radhi ya kosa gani? Ya kupenda! Mwanzoni mwa Aprili uhusiano ule ukavunjika. Na katika mwezi huohuo wa Aprili tamthilia hii ilianza kutuchekesha kwa habari za mwimbaji ampendaye shabiki wake. Angalia kinyume hicho, ewe msomaji: katika njozi twashangilia aidoli akipenda, na katika maisha wako wanaomwadhibu kwa kupenda.

Watanijibu kwamba hiki ni kichekesho tu, niwaachie watu wacheke. Nami nasema, chekeni, lakini msidanganywe. Watanijibu tena kwamba mashabiki ndio wanunuao nyimbo, kwa hiyo wana haki juu ya mwimbaji. Hapana. Aliyenunua wimbo amenunua wimbo. Hakununua moyo wa mwimbaji, wala usingizi wake, wala mchumba wake. Anunuaye mkate hapati haki ya kumchagulia mwokaji mke.

Mwezi Oktoba mwaka 2019 alifariki Sulli, mwimbaji wa umri wa miaka 25, aliyekuwa ameandamwa kwa miaka mingi na matusi ya watu wasioonyesha nyuso zao katika intaneti. Hapakutokea saa ya kumrudisha. Yaliyotokea yalikuwa matendo ya kibinadamu: mwezi huohuo tovuti ya Daum iliwafungia wasomaji nafasi ya kuandika maoni chini ya habari za wasanii, na mwaka 2020 kampuni ya Naver ikafanya vivyo hivyo. Lilikuwa jambo jema, lakini lilikuja wakati mwenyewe amekwisha kuzikwa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo haokoi mtu.

Ajabu ni kwamba tamthilia yenyewe ina jibu lililo bora, ila yalipita haraka. Kilichomwokoa Sol kitandani hakikuwa saa ya ajabu. Kilikuwa maneno machache ya wema, yaliyosemwa kwa simu na mtu asiyemjua. Sun-jae hakuhitaji uchawi kuyasema, na sisi hatuuhitaji.

Basi, kijana, watazame waimbaji na uwapende nyimbo zao. Lakini siku utakapoishika simu yako ili kumwandikia neno kali mtu usiyemjua, awe yuko Seoul au darasani mwako, kumbuka kwamba wakati huo mfupi, kabla kidole hakijabonyeza, ndio wakati pekee uliopewa wa kubadili mambo. Ukishapita, hakuna saa itakayokurudishia.