Kabla ya Kuiacha Simu ya Zamani



Mama mmoja tumjuaye alikuwa na simu ya zamani ya Android. Ndani yake mlikuwa na sauti za marehemu mumewe, alizokuwa akimpelekea kwa WhatsApp kila alipokuwa safarini. Mwanawe, kwa kumpenda, akamnunulia iPhone. Ile ya zamani akaifuta na kuiuza siku ile ile. Usiku mama akazitafuta zile sauti, asione hata moja. Kijana hakukusudia ubaya. Alikosa kujua tu. Kwa hiyo twaona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili.

Simu za leo, takriban zote, ni za mifumo miwili. Mmoja ni wa iPhone, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007, na hutengenezwa na Apple peke yake. Wa pili ni Android ya Google, uliotoka katika simu ya kwanza mwaka 2008. Huu hutumiwa na makampuni mengi, kama Samsung, Tecno na Infinix. Ndiyo maana zipo za bei kubwa na za bei ndogo. Ilikuwapo mifumo mingine, walakini imekwisha: Microsoft waliacha kuitunza Windows yao ya simu, na huduma za simu za zamani za BlackBerry zikafungwa Januari 2022. Basi mfumo wa simu hudumu maadamu mwenyewe yu hai na autunza.

Vijana wetu hubishana ni upi ulio bora, kana kwamba ni ukoo na ukoo. Mabishano hayo hayana faida. Yatupasa kuuliza maswali matatu.

La kwanza: simu hii itapelekewa masasisho ya usalama kwa miaka mingapi? Simu isiyosasishwa ni kama nyumba ambayo komeo zake zimelegea na hapana wa kuzitengeneza. Google tangu Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung tangu Galaxy S24 ya mwaka 2024, wameahidi miaka saba kwa simu hizo. Apple nao wana desturi ya kuzitunza zao kwa miaka mingi. Simu nyingi za bei ndogo hupata michache. Na miaka hiyo huhesabiwa tangu simu ya namna hiyo ilipotoka, si tangu siku uliyoinunua wewe.

La pili: ikiwa imekwisha kutumika, je, muuzaji ameiondoa akaunti yake? Asipoiondoa, iwe iPhone au Android, waweza kuifuta simu nayo ikabaki imefungwa.

La tatu: bei yake yalingana na hali yetu? Kukopa ili kujionyesha, na hali karo ya watoto haijalipwa, ni israfu.

Ukisha kuchagua, usifanye haraka. Fedha za M-Pesa hazimo ndani ya simu. Zimo katika namba yako, nazo hukufuata uendako na laini yako. Lakini mazungumzo ya WhatsApp si hivyo. Nakala ya akiba ya Android huwekwa kwa Google, na ya iPhone huwekwa iCloud. Mfumo mmoja hausomi nakala ya mwenziwe. Njia ya kuyahamisha ipo, lakini yataka simu zote mbili ziwe mbele yako, na namba iwe ile ile. Yafaa ifanywe pale simu mpya inapowashwa mara ya kwanza.

Basi, enyi vijana, mnapombadilishia mzazi simu, kaeni naye. Mwulizeni ni kitu gani akipendacho humo ndani. Akitazame katika ile mpya kwa macho yake, akisikilize kwa masikio yake, ndipo ya zamani ifutwe. Simu nyingine hununuliwa dukani. Sauti ya marehemu hainunuliki.