Tuulishe Udongo Kwanza, Ndipo Tupande

Wanachama wenzangu,

Kila masika yanapokaribia huulizana: miche ya mikarafuu itagawiwa lini, na kila mtu atapata mingapi? Swali ni zuri, lakini liko jingine linalolitangulia. Mche huo tutautia katika udongo gani?

Nilipata kusafiri bara hadi Mkwajuni. Sisemi Mkwajuni yetu ya Unguja Kaskazini, bali ile iliyo makao makuu ya Wilaya ya Songwe, upande wa Ziwa Rukwa. Kilikuwa kiangazi. Nyasi zimechomwa, ng'ombe wamekwisha kula mabua yote ya mahindi, na ardhi imebaki uchi. Mwenyeji wangu alinionyesha korongo. Zamani lilikuwa shamba lake.

Lakini ng'ambo ya ziwa hilo hilo, katika nchi ya juu ya Ufipa, wakulima wana desturi ya kale iliyo kinyume cha moto. Mvua zikielekea kwisha, huzipindua nyasi kwa jembe na kuzifukia ndani ya matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Nyasi huoza humo, na msimu wa pili matuta husambazwa na ulezi hupandwa. Kusini zaidi, Mbinga, Wamatengo hulima milima mikali kwa ngoro: hupanga nyasi miraba miraba, huzifunika kwa udongo, na katikati huacha shimo. Mvua ikinyesha, maji hutua shimoni wala hayaporomoki na shamba.

Hapo nikakumbuka vilima vyetu vya Pemba. Sisi hupalilia kwa jembe mpaka shinani, hufagia majani na kuyatia moto ili shamba lionekane safi, kisha tukachomeka muhogo mpaka kwenye gogo la mkarafuu. Masika yakija, maji mekundu huteremka kwenye mabonde ya mpunga. Wekundu ule ndio shamba lenyewe linalohama. Tena mizizi ya mkarafuu inayotafuta chakula iko karibu na uso wa ardhi. Kila pigo la jembe huikata. Halafu tunastaajabu mti unapodhoofika.

Najua nitajibiwa kwamba muhogo ndio chakula, na mtoto hali karafuu. Ni kweli, wala simwambii mtu aache muhogo. Najua pia kwamba hatuna tena nafasi ya kulaza ardhi kama wazee wetu. Wengi wetu tunategemea eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Lakini kwa sababu hiyo hasa yatupasa kuitunza. Mwenye shamba dogo hana pa kuhamia.

Basi natoa rai tatu. Kwanza, chini ya mkarafuu, mpaka unapofika mwisho wa matawi, pasiingie jembe. Magugu yafyekwe na kuachwa yalale papo hapo pamoja na majani yaliyopukutika. Wakati wa kuchuma tutandike majamvi. Pili, muhogo upandwe nje ya duara hilo, juu ya matuta yanayokata mteremko, uchanganywe na kunde, na samadi ya ng'ombe irudishwe shambani. Mwenye shamba na mkulima anayelima chini ya miti yake wakubaliane hayo kabla ya kulima, si baada ya kugombana.

Tatu, na hili ni la chama: tuache kujisifu kwa hesabu ya miche iliyogawiwa. Tuhesabu iliyo hai baada ya miaka mitatu, shamba kwa shamba, na anayefanikiwa awafundishe jirani zake. Mkarafuu hutungoja miaka sita, saba au zaidi kabla ya kuzaa. Katika miaka hiyo yote hauli ahadi wala hotuba. Unakula udongo tuliouachia.